TUFE LA OLYMPIA

Katika michezo yote ya riadha, hakuna mchezo ulio rahisi kuelezwa kama kutupa tufe. Mtu husimama ndani ya duara dogo, huegemeza tufe la chuma shingoni chini ya taya, hulisukuma mbele kwa nguvu zake zote, na waamuzi hupima mahali lilipoanguka. Aliyelifikisha mbali kuliko wenziwe ndiye mshindi. Hata mtoto asiyejua kusoma aweza kuutazama mchezo huu na kuufahamu mara moja. Ndiyo maana yastaajabisha kwamba mashindano nitakayokusimulia, msomaji, yalichukua saa chache kuchezwa na zaidi ya miaka minane kuamuliwa.

Mashindano hayo yalifanyika tarehe 18 Agosti 2004 huko Olympia, katika nchi ya Ugiriki, wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Athens. Mitupo ya siku ile ilipimwa kwa mita na sentimeta, wala hapana mtu aliyekitilia shaka kipimo chake. Lakini swali dogo kabisa, yaani nani alishinda, halikupata jibu lake la kweli mpaka mwezi wa Desemba mwaka 2012. Yafaa tuzijue habari hizi, kwa sababu zatuonyesha wazi kwamba kushinda ni jambo moja, na kustahili kushinda ni jambo jingine.

Tuanze na mahali penyewe. Olympia ni bonde lenye miti katika upande wa magharibi wa Peloponnese, chini ya kilima kidogo kiitwacho Kronos. Kwa mujibu wa mapokeo, michezo ya kwanza yenye kumbukumbu ilifanyika hapo mwaka 776 kabla ya Kristo. Tangu hapo ilirudiwa kila baada ya miaka minne kwa muda wa zaidi ya miaka elfu moja, hata ikakoma mwishoni mwa karne ya nne baada ya Kristo, katika zama za Kaisari Theodosius. Wagiriki wa kale walishindana kwa mbio, mieleka, ngumi, magari ya farasi, mkuki na kisahani. Tufe halikuwamo katika michezo yao. Mchezo huu una asili yake katika visiwa vya Uingereza, hasa Scotland, ambako watu wenye nguvu walikuwa wakishindana kutupa mawe mazito. Na hata leo uzito wa tufe la wanaume, kilo 7.26, ni ule ule wa ratili 16 za Kiingereza. Ulipokelewa katika Olimpiki ya kwanza ya zama zetu, iliyofanyika Athens mwaka 1896, na mshindi wake, Robert Garrett wa Marekani, alitupa mita 11.22.

Katika Olympia ya kale, mshindi hakupewa fedha wala dhahabu. Alivikwa taji la majani ya mzeituni, nalo lilimtosha, kwa kuwa heshima yake ilimfuata mpaka kwao. Lakini hata hapo palikuwa na watu walioitaka heshima ile kwa njia ya mkato. Kabla ya kushindana, kila mwanamichezo aliapa mbele ya sanamu ya Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, juu ya vipande vya nyama ya nguruwe mwitu, ya kwamba hatafanya hila yoyote. Wengine waliapa, kisha wakafanya hila. Mwaka 388 kabla ya Kristo, bondia mmoja aliyeitwa Eupolus, mtu wa Thessaly, aliwahonga wapinzani wake watatu ili wamwachie ushindi. Habari ikajulikana. Mtoa rushwa na wapokeaji wakatozwa faini, na kwa fedha ya faini ile zikatengenezwa sanamu sita za shaba za Zeus. Baadaye wadanganyifu wengine walitozwa vivyo hivyo, na sanamu zikaongezeka. Wenyeji waliziita Zanes.

Sanamu hizo zilisimamishwa kando ya njia iingiayo uwanjani. Hapana mwanamichezo aliyeweza kwenda kushindana bila kupita mbele yake, na maandishi kwenye baadhi yake yalimkumbusha kwamba ushindi hutafutwa kwa mbio na nguvu za mwili, haununuliwi kwa fedha. Shaba yenyewe imekwisha potea zamani, lakini misingi yake ya mawe ingali ipo mahali pake. Ikumbuke misingi hiyo, msomaji, maana tutairudia.

Athens ilipopewa heshima ya kuandaa Michezo ya mwaka 2004, Wagiriki walitaka mchezo mmoja walau urudishwe kwenye uwanja ule wa kale. Wakachagua tufe, la wanaume na la wanawake. Kwa muda wa miaka 1,600 na zaidi uwanja ule haukuwa umeona mashindano ya Olimpiki. Hapakujengwa majukwaa, watazamaji waliketi juu ya nyasi za miteremko, kama walivyoketi watu wa kale. Matokeo hayakuonyeshwa kwa mitambo ya umeme, bali yaliandikwa kwenye mbao zilizogeuzwa kwa mikono. Na pale ambapo zamani wanawake walioolewa walikatazwa hata kutazama, wanawake walishindana siku moja na wanaume. Ilikuwa siku njema, na watu wengi waliona kwamba Michezo imerudi nyumbani kwake.

Kabla hatujaingia uwanjani, hapana budi tuzifahamu kanuni za mchezo huu, kwani ndani yake ndimo lilimofichika jambo letu. Duara la mtupaji lina upana wa mita 2.135. Mbele yake umewekwa ubao mnene uliopinda kulifuata duara. Mtupaji aweza kuugusa ubao huo kwa upande wa ndani, lakini akiukanyaga juu au akigusa chini nje ya duara, mtupo wake ni batili. Hana ruhusa ya kutoka kabla tufe halijaanguka, na atokapo ni lazima atoke kwa nyuma. Tufe nalo ni lazima lianguke ndani ya pembe iliyochorwa. Mtupo ukiwa halali, mwamuzi huinua bendera nyeupe. Ukiwa batili, huinua nyekundu, na mtupo huo haupimwi hata kama tufe limekwenda mbali kuliko yote. Katika fainali za wakati ule, washindani kumi na wawili walipewa mitupo mitatu kila mmoja, kisha wanane walio bora waliongezewa mitatu. Huhesabiwa mtupo bora wa kila mtu. Na ikiwa wawili wametoshana, hutazamwa mtupo wa pili kwa ubora wa kila mmoja wao.

Katika fainali ile ya wanaume palikuwa na watu wawili wa kutazamwa zaidi. Mmoja alikuwa Adam Nelson wa Marekani, mzaliwa wa Atlanta, aliyekuwa amesoma katika Chuo cha Dartmouth. Miaka minne nyuma, huko Sydney, alikuwa amepata nishani ya fedha kwa mita 21.21, akishindwa kwa sentimeta nane tu na Arsi Harju wa Finland. Nelson alikuwa na desturi zake. Zamu yake ilipofika, alipiga kelele, akaichana na kuitupa kando fulana yake ya juu, kisha akaingia duarani kama mtu aendaye vitani. Alitupa kwa mtindo wa kuzunguka: aligeuka kama pia ndani ya duara, ili mwendo wa mwili uzidishe nguvu za mkono. Mtindo huu waweza kulipeleka tufe mbali sana, lakini una hatari yake, kwa kuwa azungukaye kwa kasi hupata taabu kusimama pale anapotakiwa kusimama.

Wa pili alikuwa Yuriy Bilonoh wa Ukraine. Yeye alitumia mtindo wa zamani kidogo, ulioenezwa na Parry O'Brien wa Marekani katika miaka ya 1950. Mtupaji huanza akiwa ameligeuzia mgongo eneo la kutupia, huinama, huteleza kinyumenyume mpaka mbele ya duara, kisha hujigeuza na kusukuma. Mtindo huu hauna makeke, na mara nyingi huzaa mitupo inayokaribiana.

Nelson alianza vizuri mno. Mtupo wake wa kwanza ulifika mita 21.16, akawa mbele ya wote. Wa pili ukabatilishwa. Wa tatu ukabatilishwa. Wa nne na wa tano vivyo hivyo. Bendera nyekundu ilipanda mara baada ya mara, lakini hakuna aliyempita, na ile 21.16 ya mwanzo iliendelea kumweka juu. Bilonoh alisogea karibu, akafika mita 21.15, yaani pungufu kwa sentimeta moja tu, upana ulio sawa na ukucha wa kidole. Hapo ndipo ukaja mzunguko wa sita, ulio wa mwisho. Bilonoh akaingia duarani, akateleza, akasukuma. Kipimo kikasomwa: mita 21.16.

Sasa wawili walikuwa sawa, na Nelson alikuwa amebakiwa na mtupo mmoja. Bila shaka umekwisha tambua, msomaji, hali iliyomkabili. Mtupo wa pili wa Bilonoh kwa ubora ulikuwa mita 21.15. Nelson hakuwa na mtupo wa pili, kwa kuwa yote iliyofuata ule wa kwanza ilikuwa batili. Kwa hiyo alihitaji mtupo halali mmoja tu uzidi 21.15, na dhahabu ingekuwa yake. Akazunguka, akatupa, na tufe likaenda mbali. Bendera nyekundu ikapanda. Nelson alilalamika kwa uchungu, lakini uamuzi haukubadilika. Bilonoh akatangazwa mshindi wa kwanza, Nelson wa pili, na Joachim Olsen wa Denmark, aliyetupa mita 21.07, akawa wa tatu. Wa nne alikuwa Manuel Martínez wa Hispania kwa mita 20.84, naye aliondoka bila nishani.

Je, Nelson alidhulumiwa na kanuni? La. Kanuni zilikuwa wazi, zilikuwa za wote, naye alizijua tangu alipokuwa kijana. Mchezo wa tufe haupimi nguvu tu. Wapima nguvu zilizozuiwa ndani ya duara. Jambo hili limeonekana tena katika siku za karibu. Katika Mashindano ya Dunia ya Doha mwaka 2019, Joe Kovacs wa Marekani alishinda kwa mita 22.91, nao Ryan Crouser wa Marekani na Tom Walsh wa New Zealand wakatoshana kwa mita 22.90. Watu watatu walitenganishwa na sentimeta moja, na kanuni ile ile ya mtupo wa pili kwa ubora ikampa Crouser fedha na Walsh shaba. Watazamaji waliyasifu mashindano yale kuwa mazuri kuliko yote yaliyopata kuonekana katika mchezo huo. Kwa hiyo, kushindwa kwa sentimeta, au hata bila sentimeta, kwauma, lakini si dhuluma. Lau mambo ya Olympia yangeishia hapo, tungemwonea Nelson huruma na kufunga kitabu.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Baada ya mashindano, wanamichezo walitoa mkojo wao ili upimwe kama umechanganyika na dawa zilizokatazwa. Mkojo wa kila mmoja hugawanywa katika chupa mbili, nazo hutiwa nambari na kufungwa kwa namna isiyoweza kufunguliwa bila kujulikana. Chupa moja hupimwa kwanza. Ya pili huwekwa akiba, ili mtu akituhumiwa awe na haki ya kutaka kipimo cha pili. Mkojo wa Bilonoh ulipopimwa mwaka 2004, haukuonekana na kosa. Hata hivyo mkojo haukumwagwa. Uligandishwa kwa baridi kali na kuhifadhiwa, kwa sababu kanuni za wakati ule ziliruhusu upimwe tena ndani ya miaka minane.

Yafaa ufahamu sababu ya jambo hili. Mtu atumiaye dawa za hila na daktari azitafutaye hukimbizana daima, na mara nyingi mdanganyifu hutangulia. Dawa hubaki mwilini kwa kiasi kidogo sana, nayo mashine za mwaka mmoja hazioni zitakachokiona mashine za miaka ijayo. Kuhifadhi mkojo ni kumwambia mdanganyifu: huenda leo tusikuone, lakini macho yetu yangali yakikua.

Mwaka 2012, muda wa miaka minane ulipokaribia kwisha, baadhi ya chupa za Athens zilitolewa na kupimwa upya kwa njia mpya. Katika mkojo wa Bilonoh ilionekana dalili ya oksandroloni, dawa ya kukuza misuli iliyo katika jamii ya homoni za kiume. Tarehe 5 Desemba 2012 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitangaza kwamba amenyang'anywa ushindi, pamoja na wanamichezo wengine watatu wa Michezo ile. Mmoja kati yao, Svetlana Krivelyova wa Urusi, alikuwa ametupa tufe siku ile ile na mahali pale pale. Zaidi ya hayo, Irina Korzhanenko, naye wa Urusi, aliyekuwa wa kwanza katika mashindano ya wanawake ya Olympia, alikuwa amekwisha nyang'anywa dhahabu yake siku chache tu baada ya kuipata, na ikapewa Yumileidi Cumbá wa Cuba. Hivyo katika siku moja ya sherehe, kwenye uwanja ambao mlangoni pake pana misingi ya Zanes, washindi wote wawili wa kwanza walivuliwa ushindi wao.

Hebu tuitafakari picha hii. Bendera nyekundu ilipanda mara tano dhidi ya Nelson. Dhidi ya Bilonoh haikupanda kwa ajili ya kosa lililokuwa kubwa kuliko yote, kwa kuwa bendera huona mguu, haioni damu. Mwamuzi aliyesimama kando ya duara alifanya kazi yake kwa uaminifu. Hakumpendelea yeyote. Mtu mmoja alikosea mbele ya watu wote, akaadhibiwa papo hapo. Mwingine alikosea kwa siri, akavikwa taji la mzeituni. Wahenga walisema ya kwamba siku za mwizi ni arobaini. Katika kisa hiki, tangu siku ya mashindano hata siku ya hukumu zilipita siku zaidi ya 3,000.

Na katika siku hizo watu waliishi. Nelson alikuwa na umri wa miaka 29 aliposhindwa Olympia, na zaidi ya 37 hukumu ilipotolewa. Hakukata tamaa; mwaka 2005 huko Helsinki alikuwa bingwa wa dunia kwa mita 21.73. Lakini mwenye dhahabu ya Olimpiki hutafutwa na makampuni, nchi yake hulikumbuka jina lake, na watoto huambiwa habari zake. Mwenye fedha husahauliwa upesi. Mwaka ule ule wa 2005 Nelson alifikia hatua ya kuinadi nafasi ya tangazo kwenye fulana yake, apate fedha za kuendelea na mazoezi. Hapana mahakama iwezayo kupiga hesabu ya kile ambacho dhahabu ingemletea katika miaka ile minane.

Mwaka 2013 Kamati ya Kimataifa ilithibitisha kwamba Nelson ndiye mshindi wa kwanza, Olsen wa pili, na Martínez wa tatu. Nelson alipokea nishani yake kutoka kwa ofisa mmoja wa Olimpiki wa Marekani katika uwanja wa ndege wa Atlanta, mahali ambapo wasafiri hununua chakula na kula. Hapakuwa na nyasi za Olympia, wala taji la mzeituni, wala wimbo wa taifa. Watu walipita na mizigo yao wakiwahi ndege zao. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2016, wakati Wamarekani walipokuwa wakichagua timu yao ya Olimpiki katika mji wa Eugene, aliheshimiwa hatimaye mbele ya umati kama mshindi wa Olimpiki.

Tusiwasahau wale wengine wawili. Olsen alikuwa ameacha michezo na kuwa mbunge katika nchi yake ya Denmark alipopandishwa kutoka shaba hata fedha. Lakini aliyeibiwa kimya kimya zaidi, kwa maoni yangu, ni Martínez. Nelson na Olsen walisimama jukwaani siku ile, wakapigiwa makofi, hata kama ni katika daraja isiyo yao. Mtu wa nne hapigiwi makofi. Hukusanya nguo zake na kwenda zake. Watu wasemapo kwamba mdanganyifu amemwibia mtu wa pili, husahau kwamba amemwibia pia wa tatu na wa nne, na yule aliyekosa nafasi katika timu, ambaye jina lake hatutalijua kamwe.

Visa kama hiki vilibadilisha kanuni. Tangu mwaka 2015, muda wa kupima upya uliongezwa kutoka miaka minane hadi kumi. Mwaka 2018 Kamati ya Kimataifa ilikubali kwamba mwanamichezo arudishiwaye nishani apewe nafasi ya kuchagua sherehe ya kuipokelea, hata ikiwa ni katika Michezo ya Olimpiki inayofuata. Na huko Paris mwaka 2024 wanamichezo kadhaa walipokea hadharani nishani walizostahili miaka mingi nyuma. Haki iliyokawia haikuweza kufanywa kuwa haki ya wakati wake, lakini walau haikukabidhiwa tena kama kifurushi.

Msomaji wa Kenya asidhani kwamba haya ni mambo ya mbali yasiyomhusu. Katika Michezo ya Beijing mwaka 2008, Rashid Ramzi wa Bahrain alishinda mbio za mita 1,500. Mwaka uliofuata alinyang'anywa ushindi kwa sababu ya dawa iliyokatazwa, nayo dhahabu ikamwendea Asbel Kiprop wa Kenya, aliyekuwa wa pili. Wakenya tulifurahi kwamba haki imetendeka. Lakini mwaka 2019 Kiprop huyo huyo alifungiwa miaka minne, baada ya dawa ya kuzidisha damu kupatikana katika mkojo aliotoa mwaka 2017, ingawa mwenyewe alikana kuitumia. Tukipenda haki inapotupa dhahabu, hatuna budi kuipenda pia inapotuaibisha. Hii ndiyo sehemu iliyo ngumu.

Tufe lenyewe nalo lina historia yenye madoa. Rekodi ya dunia ya mita 23.12, iliyowekwa mwaka 1990 na Randy Barnes wa Marekani, ilidumu miaka 31, hali mwenye rekodi alifungiwa maisha mwaka 1998 kwa makosa ya dawa. Ilivunjwa na Ryan Crouser mwaka 2021 kwa mita 23.37, naye akaizidisha mwaka 2023 hadi mita 23.56. Kwa muda wote ule wa miaka 31, kijana aliyeshika tufe aliambiwa kwamba kilele cha mchezo wake ni nambari ambayo watu walikuwa wakiitazama kwa shaka. Huu nao ni wizi, kwa kuwa humwondolea kijana imani ya kwamba jasho lake litatosha.

Labda wewe hutashika tufe maishani mwako. Lakini utaketi katika chumba cha mtihani, utashika hesabu za watu, utapima sukari dukani, utaandika ripoti ambayo mkubwa wako hataikagua. Katika kazi zote hizo patakuwapo mtu wa bendera, naye ataona mguu wako tu. Yaliyomo ndani utayajua wewe peke yako kwa muda, pengine kwa siku arobaini, pengine kwa miaka minane, pengine kwa maisha yako yote. Usimtegemee mtu wa bendera akufanye mwaminifu. Hawezi, wala hiyo si kazi yake.

Wagiriki wa kale walilijua jambo hili. Hawakuziweka sanamu za Zanes ndani ya uwanja, mahali ambapo mashindano yamekwisha anza, bali njiani, ambapo mtu angali na nafasi ya kuamua. Kila mmoja alizipita akiwa bado hajashinda wala hajashindwa. Kijana asomaye kitabu hiki shuleni yumo njiani hapo.